Gari la Kujipandia Mwenyewe

Watu wa Ruiru hawakosi jibu, na juu ya gari la Ngina walikuwa nayo mengi. Ni bahili. Ni mjane, anaogopa gari kubwa litamshinda. Ameanguka kibiashara. Mimi nauza vyombo, duka langu na lake yanatenganishwa na ukuta mmoja, na kwa vile hukaa mlangoni, maneno hayo yote yalikuwa yananifikia mimi kwanza. Nilikuwa nayajibu vibaya, maana sipendi mtu asiye na hata baiskeli anipimie gari la mwenzangu.

Ni dogo, sikatai. Lina rangi ya maziwa na magurudumu ambayo ungedhani yametolewa kwenye mkokoteni. Ngina hushona sare za shule, na akipakia sare za darasa moja tu, kioo cha nyuma hakionekani. Lakini mafuta linalamba tu, halinywi. Siku ya soko, wenye magari makubwa wakizunguka na kupiga honi, yeye hupenya kati ya kibanda cha viazi na ukuta wa benki, akazima injini na kwenda zake. Dereva wa gari la namna hiyo akikuambia alilinunua kwa sababu hizo, mwamini. Ngina naye alizifurahia. Ila yeye alikuwa na sababu nyingine iliyotangulia zote, na hiyo haikuwahusu watu wa sokoni.

Sababu yenyewe ni mama yake, Waruguru. Mama huyu alichuma kahawa ya watu miaka mingi, akasomesha watoto bila msaada wa mtu, na mpaka leo akisema jambo hurudii kumuuliza. Uzeeni nyonga ikamkataa. Anatembea kwa mkongojo, polepole, lakini anatembea.

Kifungua mimba wake, Kinyanjui, ana gari kubwa jeusi, lile la kupanda kana kwamba unapanda kitanda cha juu cha bweni. Jumapili moja alimpeleka mama kanisani kwa gari hilo. Kufika, mama akashindwa kuifikia ardhi. Basi Kinyanjui akamwita mwanamume mwingine, wakamwinua, mmoja kwapani na mwingine magotini, wakamshusha mbele ya mlango wa kanisa watu wakiingia. Gauni likapanda. Waumini wakaangalia kando kwa heshima, na hapo ndipo penye uchungu, kwa sababu mtu akiangalia kando unajua ameshaona.

Tangu siku hiyo Waruguru hakutoka. Akiitwa kanisani, goti linauma. Akiitwa harusini, ni presha. Kinyanjui akasema ni uzee, akamnunulia televisheni. Ngina hakuridhika na jibu hilo. Jioni moja akimkanda mama miguu kwa maji moto, aliuliza tena, na safari hii akaambiwa ukweli.

"Siogopi kutembea," mama alisema. "Naogopa kubebwa."

Wiki iliyofuata Ngina aliuza pikapu yake, ile aliyokuwa akiringia, na tukaenda Kamakis kutafuta gari, sisi wawili pamoja na mama, tukiwa tumekodi teksi ya chini. Muuzaji alikuwa kijana mmoja anaitwa Irshad, mwenye adabu zake. Alianza kutuonyesha skrini, kamera za kurudi nyuma, na redio inayozungumza. Ngina akamwomba azime vyote na afungue milango tu. Waruguru akawa anayajaribu magari moja baada ya jingine: makalio kwanza, halafu anazungusha miguu kuingia ndani. Moja likawa juu mno. Jingine likawa chini sana, akazama na kuinuka ikawa kazi. Lile la rangi ya maziwa lilikuwa nyuma kabisa, halina mtu wa kulitazama, na kiti chake kilikuwa na kimo sawa na kiti cha mama pale sebuleni. Akaketi. Akageuka. Akavuta mlango mwenyewe, ukafunga. Akaufungua, akaufunga tena, na tena.

"Shosh, utaung'oa," Irshad alimwambia akicheka.

"Nikiung'oa tutanunua na mlango," mama akamjibu.

Baada ya hapo hakukaa nyumbani. Kanisa, kliniki, matanga, hata kwenda tu kuona nyumba za kupangisha zinavyoota huku Ruiru mahali palipokuwa kahawa, ili apate kulalamika.

Halafu Wanyoike, mtoto wa Kinyanjui, akapata msichana wa Gatuanyaga, na siku ya ruracio ikawekwa. Kwetu hatuendi kutoa mahari mmoja mmoja kama watu waliopotea njia. Wageni hukutana mahali, wakajipanga, wakafika pamoja. Wakifika hukuta lango limefungwa, wanawake wa upande wa msichana wako ndani wakiimba na kuuliza ni nani hao. Nyanya wa kijana ndiye huanzisha wimbo wa kujibu, wanawake wake wakampokea, mpaka lango lifunguliwe.

Tulikutana kwenye kituo cha mafuta Thika. Kinyanjui alikuwa amepanga msafara kwa ukubwa, lake jeusi mbele, na alipotuona akaja dirishani kwa Ngina. Alitaka kagari kaachwe pale kituoni na mama ahamie kwake. Alisema wakwe wakikaona watafikiri tumekuja kuomba msaada.

Mama alitaka mjukuu wake apate amani, kwa hiyo alikubali kujaribu. Alisimama kando ya gari jeusi, akashika mlango, akainua mguu. Haukufika. Akainua tena. Vijana wawili wakaja wakikunja mikono ya mashati, nami nikauona uso wa yule mama ukibadilika. Nilikasirika hadi nikasikia masikio yanawaka.

"Maitu, ni dakika moja tu," Kinyanjui alimwambia mama yake. "Usituaibishe leo."

Waruguru akateremsha mguu.

"Kinyanjui, mama yangu alinibeba nikiwa mtoto. Na siku nikifa mtanibeba, sitabishana. Hapo katikati, niacheni nipande mwenyewe."

Akageuka akarudi kwenye gari dogo, akaketi, akafunga mlango. Ngina akamuuliza kaka yake, bila kupandisha sauti, ni nani atakayeimba langoni mama asipofika. Kinyanjui aliwatazama wazee wa kanisa aliokuja nao, na wazee hao wakawa wanatazama viatu vyao. Ikabidi nyanya atangulie, na nyanya alikuwa kwetu. Barabara ya Gatuanyaga ni vumbi tupu, na aliye mbele halili vumbi. Nilikuwa kiti cha nyuma na vikapu, nikageuka kuyatazama yale magari makubwa yakigeuka rangi, na sitadanganya kwamba sikufurahi.

Langoni Waruguru alifungua mlango, akatoa miguu, akaweka mkongojo, akasimama. Akanyoosha leso yake kiunoni na kuimba kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Lango likafunguliwa.

Ndani kulikuwa na nyanya wa msichana, Nyaguthii, ameketishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na lango. Alikuwa ameona kila kitu kupitia upenyo wa lango. Tulipokaa, alimwita Waruguru karibu wakanong'onezana, wanaume wakaanza habari zao za mbuzi, na mimi nikaenda kusaidia jikoni.

Ulipofika wakati wa kina nyanya kutoa neno, viti vyao vilikuwa vitupu. Kinyanjui akatoka kuwatafuta, nikamfuata. Nyaguthii alikuwa ndani ya gari dogo, kiti cha mbele, mlango umefungwa. Ngina alikuwa amesimama kando amekunja mikono, akiwazuia wajukuu wasisaidie. Waruguru alikuwa ameshaketi nyuma. Tulisimama pale tukamwona Nyaguthii akifungua mlango, akikanyaga chini, akisimama, kisha akiketi tena na kuufunga. Macho yake yalikuwa na machozi na hakuyapangusa. Wajukuu wakatuambia hajatoka kwenye boma hilo tangu avunjike nyonga, kwa sababu amekataa kushikwashikwa.

"Muthoni wangu," alimwambia Waruguru, akimwita mkwe kwa Kikuyu, bila kugeuka, "nipeleke nikaone lami."

Kinyanjui akasema wazee wanangoja.

"Wangoje," mama yake alimjibu.

Ngina akawasha gari. Kinyanjui alitazama barabara, akaliona gari lake jeusi, alivyoliegesha, limeziba njia yote. Kisha akatoa funguo mfukoni, akaenda kulisogeza.