Ngoja Nikupe Mama Yako

Miaka kumi na tisa, tangu binti yao Álfrún ahamie mji mkuu wa Iceland, Hjalti alikuwa na neno moja tu la simu: "Ngoja nikupe mama yako." Simu ikilia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuikimbilia, tena kwa furaha, lakini akishasema neno lake anamkabidhi mkewe, Ragna, na kurudi kwenye gazeti. Ragna atacheka, ataguna, atauliza hili na lile, na saa nzima itapita. Hjalti hakuona kasoro. Kila nyumba ina mgawanyo wa kazi: yeye theluji na gari, mkewe habari za watu.

Mwezi wa Novemba Ragna akafariki. Simu iliendelea kulia kila Jumapili saa kumi alasiri, ila sasa hapakuwa na wa kupewa.

Ndipo ilipobainika kwamba mzee huyu, fundi aliyetengeneza injini za boti zote za ghuba ile kwa miaka arobaini, hajui kuuliza. Alianza hivi: "Habari zote njema, au siyo?" Hiyo ni salamu ya Waiceland, na wala usiwacheke, maana nasi tuna hujambo-sijambo yetu, mtu anaungua homa na bado hajambo. Swali la namna hiyo limebeba jibu lake mgongoni, aliyeulizwa kazi yake ni kuitikia. Álfrún aliitikia. Kisha hali ya hewa ya huko, hali ya hewa ya huku, gari linawaka, haya kwa heri. Dakika tatu, siku ikiwa nzuri nne.

Jumapili ya mwisho ya Januari, Álfrún alisema kwa sauti ya upole mno, "Baba, kama hatuna la kuzungumza, tusijilazimishe. Nitapiga Jumapili ijayo, halafu tuanze mara moja kwa mwezi. Au unaonaje?"

"Sawa tu," alijibu Hjalti. Haikuwa sawa hata kidogo. Alikaa jikoni akiwa na hofu. Mke amemzika, na sasa binti naye anamponyoka, tena kwa adabu, bila hata ugomvi wa kushikilia.

Kesho yake alikwenda bwawani kama kawaida. Kijijini kwao, mwenye shida haendi kanisani wala baa, anaenda kuketi na wenzake kwenye beseni kubwa la maji moto kando ya bwawa la kuogelea, theluji ikimwangukia kichwani. Steinvör alikuwa humo tayari. Alikuwa mkunga kabla ya kustaafu, nusu ya kijiji imezaliwa mikononi mwake, Álfrún akiwemo, kwa hiyo hakuwa na haya na mtu.

"Uso huo umeutoa wapi?" aliuliza.

Hjalti akamweleza.

"Haya, niulize mimi kitu," Steinvör alisema. "Chochote."

"Umelala vizuri, au siyo?"

"Unaona sasa? Hukuniuliza, umenijibia. Nikisema sikulala nitaonekana mkorofi." Akamrushia maji. "Wewe mzee una midomo ya kulia chakula tu. Uliza jambo ambalo jibu lake hulijui."

"Kama lipi?"

"Nikikutajia mimi, litakuwa lako kweli?"

Lakini alimhurumia, na walipotoka akamwandikia maswali sita kwenye karatasi. Hjalti akaona ayafanyie majaribio kwanza. Jumatano alimkuta mchungaji Eyjólfur ndani ya beseni pamoja na watu wengine, akajikohoza, akauliza, "Mchungaji, usingekuwa mchungaji ungekuwa nani?"

Lo, alikuwa amechokoza nyuki. Mchungaji alitazama huku na huku, akaanza. Angekuwa mwokaji mikate. Alianzia jiko la bibi yake, akapitia chachu, akafika kwenye mkate wa shayiri ambao maishani hajawahi kuupatia. Hakuna aliyethubutu kutoka, maana mtu wa Mungu alikuwa akisema kwa machozi. Baada ya dakika hamsini katika maji ya digrii arobaini, Hjalti na wenzake walitoka wekundu kama kamba waliochemshwa. Lakini Ijumaa mchungaji alimletea mkate mlangoni. Ulikuwa mgumu kama tofali, na Hjalti aliula wote kwa moyo mkunjufu.

Jumapili ikafika. Kufikia saa tisa na nusu alikuwa amekwishabandika viazi, amevaa shati safi kama vile simu ina macho, na karatasi iko mezani. Simu ikalia.

"Álfrún," alisema Hjalti, akisoma, "ni jambo gani wiki hii limekufunza kitu kuhusu nafsi yako?"

"Baba, umelewa?"

"Sijalewa."

"Nani amekuandikia hilo?"

"Steinvör."

Álfrún akacheka mpaka akakohoa, na baba yake akacheka pia, lakini kicheko kilipoisha mazungumzo nayo yakaisha. "Baba, wacha niende," alisema. "Nimechoka kweli. Kuna mguu unaniumiza kichwa tangu Jumanne."

"Mguu gani?"

"Wa bandia. Wa mama mmoja mwanakwaya. Nimeufungua mara tatu, naurudisha, karakanani haulii. Akifika kanisani, kwii, kwii, mpaka wenzake wanapoteza sauti."

Hjalti aliisukuma karatasi kando. "Unalia akipanda jukwaani au akishuka?"

"Sijamuuliza."

"Nyumbani kwake je?"

"Anasema nyumbani hapana. Ni siku za kwaya tu."

"Na siku za kwaya, anabadilisha nini?"

"Habadilishi chochote, anavaa sare yao ya..." Álfrún alijikatiza. "Viatu. Wana viatu vyao vya sare. Baba, ni viatu."

"Basi uache mguu wa watu, mwombe viatu." Alikuwa amesimama katikati ya jikoni bila kujua alisimama lini. "Kumbe wewe ni fundi. Mimi watu nawaambia uko ofisini."

"Miaka minane niko karakanani, baba?"

"Hukuniambia."

"Hukuuliza."

Lilimchoma, na hakulikwepa, maana lilikuwa kweli. Maisha yake yote hakuwahi kumwambia nahodha, "Injini nzima, au siyo?" Angechekwa mpaka bandari ya pili. Aliuliza inagonga ikiwa baridi au ikishapata moto, tangu lini, baada ya nini, halafu akafunga mdomo na kusikiliza. Chuma alikipa heshima hiyo miaka arobaini. Mwanawe wa kumzaa hakuwahi kumpa.

"Na wewe, Álfrún," alisema, "unazidiwa lini?"

"Kuzidiwa na nini?"

"Kumkosa mama yako. Ni asubuhi, ni usiku, ni lini hasa?"

Upande wa pili hakukusikika kitu. Zamani angekimbilia hali ya hewa. Safari hii aliacha ukimya ukae, akasikiliza.

"Jumapili," binti alisema mwishowe, na sauti ilikuwa imelowa. "Jumapili, tukishakata simu."

Hjalti alifuta macho kwa mkono wa shati safi. "Hata mimi ni saa hiyohiyo," alisema. "Basi tusikate kwanza."

Walizungumza hadi saa mbili kasoro. Viazi viliungua, sufuria ikawa si sufuria tena, na Hjalti akamweleza binti yake hilo pia, moshi ulivyokuwa na alichokuwa akila badala yake, kwa sababu aliulizwa.