Kaunta Buku la Magonjwa la Mama Desderius

Ukifika Nyarubungo ukauliza nyumba ya Domisiana, watu watakuuliza kwanza nani anaumwa. Huyu mama ni mhudumu wa afya wa kijiji chetu, na sisi tunamwita Mama Desderius kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mzaliwa wa Ngara. Alipoolewa huku Biharamulo alikuja na sanduku, jembe, na kaunta buku moja nene lenye jalada jeusi. Jembe lilishaisha zamani.

Daftari hilo lilianzia Lukole, kulekule Ngara, miaka ile ya kambi za wakimbizi. Domisiana alikuwa msichana tu, kazi yake kuchemsha maji na kupanga wagonjwa mstari kwenye hema la muuguzi mmoja Mrundi, Niyomugabo. Watu walikuwa wengi kupita kiasi, hivyo mgonjwa alitafutwa kwa mahali anapolala: mtaa fulani, hema fulani. Msichana akaona ndivyo kazi ya tiba inavyopangwa. Alipoanza kuhudumia kijiji, kila ugonjwa akauandika kwa jina la nyumba alimouona mara ya kwanza. Presha ikaitwa Kwa Ngassa. Kuhara kwa watoto kukawa Kwa Shibuda. Uvimbe wa shingo ukawa Kwa Eustakia, na hapo ameeleza vizuri kabisa, mpaka habari ya chumvi yenye madini joto, na pembeni amechora shingo yenyewe.

Miaka yote hiyo lilimfaa. Wewe unamweleza hali ya mgonjwa, yeye anaikumbuka nyumba, kidole kinakwenda chenyewe.

Mwaka huu jicho lake la kulia likaingia ukungu, na la kushoto likaanza kulifuata. Hospitali wakampa tarehe ya upasuaji, wakamwambia atakaa mbali na nyumbani wiki mbili. Wa kumwachia kazi alikuwa Joyness, binti aliyeolewa kwetu kutoka Nemba, mwepesi wa kusoma na mwenye moyo. Domisiana akamkalisha kwenye benchi, akamjaribu: ameletwa mtoto, anapumua mbiombio, tafuta.

Joyness akafunua. Akafunua tena. Kuku wakapita mlangoni wakarudi, yeye bado anafunua. Ukurasa wenyewe ulikuwa Kwa Danstan, na kijijini tuna akina Danstan watatu, naye hajui hata mmoja anakaa wapi.

Yule mama hakumcheka. Alielewa kwamba katika wiki hizo mbili mtoto anaweza kufia mikononi mwa Joyness, na maelezo ya kumwokoa yapo pale pale kwenye kurasa, hayaonekani.

Joyness akashauri wayapange magonjwa upya kwa alfabeti, kama shuleni. Wakaanza, daftari jipya, rula na kalamu nyekundu. Walipofika degedege, Domisiana akaweka kalamu chini.

"Mwanangu, mama akijua kuwa ni nimonia atakuja kwangu kufanya nini? Ataenda moja kwa moja zahanati. Huku anakuja na mtoto tu, jina la ugonjwa halijui."

Basi wakalipanga kwa kile kinachoingia mlangoni. Sehemu ya kwanza ni anayepumua vibaya, ya pili mwenye joto, halafu mwenye kuhara na kutapika, anayetetemeka au kuzimia, mjamzito, mwenye kidonda, na kuendelea. Kila ukurasa ukashika mwendo ule ule. Juu kabisa, kwa nyekundu, dalili za kumkimbiza mgonjwa bila kungoja. Chini yake maswali ya kumuuliza mama. Halafu la kufanya mkiwa njiani. Jina la ugonjwa likakaa mwisho, kwa sababu, alisema, jina ni la daktari.

Majina ya watu yakaondoka yote, na Shibuda alishukuru sana, maana wajukuu zake walikuwa wakitaniwa. Ila bibi Eustakia alikuja na fimbo yake.

"Shingo niliumwa mimi, si nyinyi," akasema. "Leo mnanifuta kama sikuwepo?"

Domisiana akampa shikamoo, akampa uji, akamwonyesha kwamba ile picha ya shingo imenakiliwa kama ilivyo. Bibi aliitazama sana, akasema shingo yake ilikuwa nzuri kuliko hiyo. Akanywa uji wote.

Siku ya tisa tangu Domisiana aondoke, asubuhi, Aline wa kule bondeni alifika mbio na mtoto wa miezi minane. Alikuwa akieleza mengi: mafua ya tangu Jumapili, baba mtu kasafiri, kanga imelowa. Joyness akavuta daftari. Alifunua sehemu ya kwanza, akasoma nyekundu, akamfunua mtoto kifua. Mbavu zilikuwa zinabonyea ndani kila anapovuta hewa. Akahesabu pumzi kwa dakika nzima kwenye saa ya simu: sitini na mbili. Akamwambia Aline ampe ziwa, mtoto akageuza uso, akalikataa.

Hakusoma zaidi. Alifunga daftari, akasimamisha pikipiki, wakapanda wote mpaka zahanati, na ukurasa ukiwa kichwani akampa mganga habari kwa mpangilio ule ule. Mganga akampiga mtoto sindano palepale, akaita gari la kumpeleka hospitali ya wilaya. Wamewahi, alisema. 

Kesho yake mchana Joyness alimpigia Domisiana, ambaye alikuwa amelala chali wodini, jicho limefungwa. Alitaka kumsimulia yote toka mwanzo, kanga iliyolowa na pikipiki. Aliposikia tu kwamba mtoto alikataa ziwa, Domisiana akamkatiza.

"Amenyonya?"

"Amenyonya, mama. Tangu alfajiri, mara nne."

 Kisha Domisiana akamwambia ale chakula, alale, na mtoto akiruhusiwa kurudi aende bondeni kumhesabu pumzi tena.