Mwaka Askari Walipohamia Ufukwe Wetu

Asubuhi za utoto wangu zilinukia mwani. Kabla jua halijapanda, baba yangu alikuwa ameshateremka ufukweni na reki yake ya mbao, akikusanya mwani uliotupwa na maji na kuurundika nyuma ya vibanda ukauke, na harufu yake, nusu chumvi nusu kuoza, iliingia nyumbani kwetu pamoja na moshi wa kuni za mama. Baba alikuwa mwangalizi wa kambi ya mapumziko ya Wazungu pale Kawe, miaka ambayo Kawe ilikuwa mbali na mji, na mtu akienda Dar es Salaam kwa miguu aliaga kama msafiri. Kambi yenyewe ilikuwa vibanda kumi na viwili vya kuta za chokaa na mapaa ya makuti, vimepangwa mstari mmoja vikitazama bahari, kila kimoja na kibaraza chake na viti viwili vya turubai. Miezi ya baridi walikuja Wazungu wa mashamba ya mkonge na wake zao na watoto wao wenye makofia mapana. Walikaa wiki mbili tatu, wakachimba mchanga, wakawa wekundu kama kamba waliochemshwa, kisha wakarudi bara. Sisi tulikaa nyumba ya uani, nyuma ya jiko la kambi, na mimi, binti pekee wa baba, nilidhani dunia nzima ina watu wa namna mbili tu, wanaopumzika na wanaofagia.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokolea, wageni hawakuja. Baba aliendelea kukusanya mwani kila siku kana kwamba wangetokea kesho yake. Badala yao yakaja malori ya jeshi. Vitanda vikatolewa vikafungiwa stoo, na kila kibanda kilichokuwa cha mume, mke na mtoto kikaingia askari kumi, wakilala chini kwenye mikeka. Kwenye rafu ambako watoto wa Kizungu walikuwa wakipanga makombe waliyookota ufukweni, sasa palipangwa vikombe vya bati na vipande vya sabuni. Miavuli mikubwa ya rangi, ile ya kujikinga na jua, ilichomekwa mchangani mwisho wa ufukwe ikawa shabaha, na baada ya siku chache ilitoboka kama kichujio. Baba aliitazama kwa uchungu, maana ndiye aliyekuwa akiikunja kila jioni kwa miaka yote ile.

Askari hao walikuwa makuruta, vijana wa bara, na wengi wao hawakuwa wameiona bahari hata siku moja. Mmoja wao aliitwa Yonazi, kijana mrefu mwenye haya, kutoka milima ya Njombe kwenye baridi kali. Siku yake ya pili kambini aliingia majini mpaka magotini akafua shati lake, akasugua na kusugua, povu halikutoka. Akaenda kushtaki kwamba amepewa sabuni mbovu. Wenzake walimcheka mpaka mama akamwonea huruma, akamchotea maji ya kisima, na shati likatakata. Tangu siku hiyo hakupita mlango wetu bila kuamkia. Aliniambia kwamba kwao maji yanatiririka upande mmoja tu, na kwamba haya yetu, yanayokwenda na kurudi, yanamtia kizunguzungu hata akiwa amekaa.

Furaha ya kuwa na askari ilikuwa na doa moja. Kwa sababu ya mazoezi ya kupiga risasi, jeshi lilizungusha seng'enge kutoka barabarani mpaka majini, na amri ikatoka kwamba raia hawapiti tena. Shangazi yangu Mwanaidi, dada mkubwa wa baba, alikuwa mjane aliyeishi kwa pweza. Kila maji yalipokupwa, yeye na wanawake wenzake walikuwa wakipita mbele ya vibanda kwenda mwambani, mchokoo wa kutolea pweza mashimoni mkononi, kikapu kichwani, na miaka yote Wazungu walikuwa wakiwapiga picha na kuwaacha waende. Sasa njia hiyo ilifungwa, na aliyepewa ufunguo wa lango la waya, na kazi ya kuwatangazia watu, alikuwa baba. Nilikuwepo shangazi alipofika.

"Mdogo wangu, unanifungia bahari?"

Baba akajitetea kwamba si yeye, ni jeshi, na kwamba akikaidi atapoteza kazi na nyumba kwa siku moja.

"Jeshi silioni," shangazi akasema. "Mkono wenye ufunguo ninaouona ni wako."

Akageuka akaondoka, na kwa muda wa miezi miwili hakukanyaga kwetu. Alikwenda kutafuta riziki upande wa Mbezi, mwendo wa saa nzima, kwenye mwamba ambao ulikuwa na wenyewe, akawa anaangaliwa kama mwizi. Siku ya Idi alituletea sahani ya kaimati kwa mkono wa jirani. Baba alikula moja, akatoka nje.

Mwalimu wa makuruta alikuwa luteni kijana wa Kizungu, ambaye askari walimwita Bwana Filimbi kwa kuwa kila neno lake lilitanguliwa na filimbi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kuteremka kutoka kwenye mashua wakiwa na bunduki na mizigo, maana ilisemekana watapelekwa kwa meli nchi za mbali. Alitumia mashua ndogo nne za kambi, zilizobaki na majina ya maua ubavuni, na vijana walizipanda wamefumba macho. Akaona afadhali kwanza wazoee kukanyaga pale ambapo mashua zingewateremsha. Siku moja ya bamvua, maji yalipokupwa mbali sana, aliwaongoza kwa miguu kama watu thelathini mpaka kwenye fungu la mchanga lililojitokeza ng'ambo ya mwamba. Hakujua jambo ambalo kila mtoto wa Kawe alilijua. Maji yakirudi hayaji kutoka mbele. Huanza kwa kujaza mkondo ulio nyuma yako, kati ya fungu na nchi kavu, wakati mbele bado unaona mchanga mkavu.

Mimi na mama tulikuwa tunachagua mchele barazani. Nikamwona shangazi amesimama kwenye seng'enge, ameishika kwa mikono miwili, anahema. Alikuwa akirudi kutoka Mbezi akawaona. Akamwita baba kwa jina lake, mara ya kwanza kwa miezi miwili, akamwuliza wale vijana wako na nani. Baba akajibu wako na bwana.

"Bwana anaujua mkondo?"

Kambi nzima ilikuwa tupu, wamebaki wapishi tu, na hapakuwa na mkubwa wa kuombwa ruhusa. Namkumbuka akitazama bahari, akitazama nyumba yetu, akimtazama mama. Kisha akatoa ufunguo akafungua lango, akamfuata dada yake mbio.

Yaliyotokea kule niliyaona kwa mbali kama vijiti vyeusi juu ya maji yanayometa, na mengine nilisimuliwa baadaye na baba na Yonazi. Luteni alikuwa ameshapiga filimbi na kuamuru warudi walikopita. Yonazi alikuwa wa kwanza kuingia mkondoni. Maji yakampiga kifuani, mchanga ukamkimbia miguuni, akaanguka, bunduki ikamponyoka. Wenzake wakamvuta kwa mkanda wake akarudi kwenye fungu akitapika maji, na hapo wote wakaingiwa na hofu, wengine wakaanza kumwomba Mungu kwa lugha za kwao. Shangazi hakukata moja kwa moja. Alizunguka upande wa kaskazini, akapita mgongo wa mwamba ambako maji yalikuwa bado chini ya magoti, akawatokea kwa upande ambao hawakuutarajia.

"Msirudi mlikopita," akawaambia. "Mshikane mikanda, mnifuate mimi."

Yonazi alisema luteni alimtazama mwanamke yule aliyejifunga kanga kiunoni, akautazama mkondo, akaitia filimbi mfukoni. Wakatoka mstari mmoja, shangazi mbele, luteni wa mwisho. Maji yaliwafika mapajani, yakawafika kiunoni, matumbawe yakawachana miguu waliopoteza viatu, na kila mara shangazi aligeuka kuwahesabu. Baba alikuwa amesimama kwenye majabali ya kaskazini, akampokea kila mmoja kwa mkono. Hakupotea mtu.

Ilipotea bunduki. Kwa askari wa wakati ule bunduki kupotea ilikuwa balaa, na Yonazi alikaa kibarazani kwetu akisema atafungwa. Luteni akaja, viatu vinachuruzika, akauliza nani alifungua lango. Mama alinishika bega kwa nguvu. Baba akasema, "Mimi." Luteni akageuka kumtazama Yonazi, halafu akauliza, kwa Kiswahili chake cha kambini, kama yule mama aliyewaongoza anaweza kuitafuta bunduki.

Kesho yake maji yalipokupwa, kambi nzima ilisimama ufukweni kumtazama. Shangazi hakwenda mahali Yonazi alipoangukia. Alifuata mkondo kuelekea kusini, polepole, akichokoa chini ya mawe, mpaka tukaanza kukata tamaa. Kisha akainama. Aliporudi alikuwa na bunduki begani, imejaa mchanga, na mkononi pweza mkubwa aliyemkuta kando ya hiyo bunduki. Askari wakampigia makofi. Luteni akamwuliza anataka zawadi gani.

"Nataka kupita," akasema.

Basi ikakubaliwa kwamba siku za risasi itapandishwa bendera nyekundu juu ya kibanda cha kwanza, na siku isiyo na bendera lango litakuwa wazi. Baba ndiye aliyeipandisha na kuishusha mpaka vita vilipokwisha. Pweza yule tulimla jioni hiyo kwa tui la nazi, shangazi akiwa amekaa mahali pake pa zamani karibu na mama. Alimwambia baba kwamba ufunguo wake umepata akili, na baba akacheka mpaka akajifuta macho.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote ninayoikumbuka. Kila bamvua luteni alimkabidhi shangazi kundi la makuruta, naye akawapeleka mwambani, akiwaonyesha samaki anayejifanya jiwe, akiwafundisha kusoma rangi ya maji. Mimi na watoto wenzangu tulifuata nyuma. Yonazi akajifunza kuogelea, kwanza kama mbuzi, kisha kama mtu. Walipoondoka, malori yalipita asubuhi na mapema wakiimba, na baba akaingia ufukweni na reki yake, akasimama tu, hakufanya kitu.

Wengine hawakurudi. Yonazi alirudi, vidole viwili vya mkono wa kushoto havipo, akapita Kawe kabla ya kwenda kwao kuoa. Mwaka uliofuata alimpelekea shangazi gunia la viazi na blanketi zito la Njombe, ambalo kwa joto letu hakuna aliyeweza kulifunika. Shangazi alilikunja akawa analikalia akisali.

Leo pale palipokuwa na vibanda pana hoteli na ukumbi wa harusi, na mji umetupita, umekwenda mbali mpaka Kibamba. Silalamiki. Utotoni mwangu Kawe haikuwa na shule ya wasichana, na nilijifunza kusoma nikiwa mama wa watoto wawili. Mjukuu wangu wa kike anasoma chuo kikuu, na mwezi uliopita alinichukua tukakae ufukweni hapo. Nilitaka kumpima, nikamwuliza maji yataanza kujaa saa ngapi. Akatoa simu, akaigusa mara mbili, akanitajia saa na dakika zake. Nikatazama mwamba, nikatazama rangi ya maji, nikapiga hesabu yangu kimyakimya. Alikuwa sahihi. Muda ulikuwa bado unatosha, basi tukavua viatu, tukateremka mwambani.