Ganda la Kidonge

Verna Lindqvist amewapikia watoto wa shule moja ya Duluth, kaskazini mwa Marekani, kwa miaka ishirini na sita bila kumsumbua mtu. Ukimuuliza hali, hata akiwa na homa, hujibu, "Si mbaya." Ndivyo alivyojibu figo zake zilipokuwa zikifa, mpaka mdogo wake, Orrin, akampa moja ya zake.

Miezi mitatu baada ya upasuaji akaanza kutapika kila asubuhi, punde tu akishatumia dawa. Hakumwambia mtu. Vidonge vile ndivyo vilivyouzuia mwili wake usiishambulie figo ya Orrin kama adui. Aliogopa kwamba akisema, ataambiwa mwili umeikataa figo.

Siku ya kliniki, nesi Marit Haugen alitazama majibu ya damu.

"Kipimo cha figo kimepanda, na hiyo si dalili nzuri. Unaendeleaje, mama?"

"Si mbaya."

"Mama, na mimi ni mtu wa hapa. Hii ni 'si mbaya' ya kweli, au ya baba yangu, aliyeendesha trekta siku mbili mguu umevunjika?"

Verna akatazama viatu vyake. "Natapika kidogo."

"Kidogo mara ngapi?"

"Kila siku."

"Na vidonge unavimezaje?"

"Sivimezi. Tangu waniwekee mpira kooni wakati wa upasuaji, kitu kigumu kikipita nahisi nakabwa. Navitwanga, nachanganya na tufaha la kupondwa. Mama alitufanyia hivyo tulipokuwa wadogo."

Marit akachukua kidonge kimoja kwenye chupa ya dawa ya Verna. "Ganda hili si urembo. Haliyeyuki kwenye asidi ya tumbo. Linashikilia mpaka kidonge kifike utumbo mdogo, ndipo linaachia dawa. Ukikitwanga, dawa inamwagika tumboni, tumbo linachafuka, unatapika, na dozi inaishia chooni."

"Kwa hiyo figo ya Orrin naiua mimi."

"Ulipewa karatasi ya maelezo yenye herufi kama sisimizi, kidonda bado kibichi. Nani angeisoma? Tulipaswa kukuambia kwa mdomo. Kosa ni letu."

Kwa kweli lilikuwa lao. Mtu hupewa kiungo cha ndugu yake, kisha akakosa dakika tano za kuelezwa namna ya kukitunza.

Marit alizitumia sasa dakika hizo. Alimfundisha kumeza upya, wakianza na punje za mkate, zikaongezwa ukubwa kidogo kidogo, kila moja na funda la maji.

"Ikishindikana kabisa, daktari atakutafutia dawa ya maji," alisema. "Lakini usiitwange tena hii."

Mara ya nne Verna alimeza kidonge kizima, machozi yakimlenga.

Baada ya wiki mbili kutapika kulikoma na kipimo kikashuka, ingawa si mpaka kilipokuwa mwanzo. Daktari alisema figo inafanya kazi. Verna alitoka kliniki akaenda moja kwa moja kwa Orrin, akamweleza yote mlangoni, koti bado mwilini.

Orrin alimsikiliza mpaka mwisho. "Dada, figo ulikuwa huna, nikakupa. Mdomo nilidhani unao."

"Ninao."

"Basi ingia ndani uendelee kuutumia."