Bahari ya Bukoba iliyokataa maji ya bati

Saa kumi na mbili asubuhi, ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja ya ghorofa tatu mjini Bukoba bado unanukia dawa ya sakafu. Gamaliel Byabato amepiga magoti mbele ya tangi la kioo refu kuliko yeye mwenyewe akilala. Amefungua mlango wa kabati lililo chini ya tangi hilo na kuinamisha kichwa, sikio limeelekea kwenye pampu. Ukimsalimia sasa hivi hakuitikii.

"Pampu ikitaka kuharibika inakohoa kwanza," anasema baadaye, akijifuta magoti. "Nikisikia inavuma hivi, najua tumeamka salama."

Anadondoshea tone moja la maji kwenye kipima chumvi, anakielekeza dirishani na kufumba jicho moja. Ng'ambo ya barabara linaonekana Ziwa Victoria, ambalo maji yake hayana chumvi hata ya kukolezea mboga. Lakini nyuma ya kioo cha Byabato kuna lita elfu mbili za maji ya bahari. Samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanazunguka humo kana kwamba Tanga iko hapo mtaani Kashai.

Maji hayo hayakuletwa kutoka pwani. Yalichanganywa na chumvi hapa hapa, na aliyeyachanganya ni fundi huyu mwenye umri wa miaka 49, mkazi wa Kitendaguro na mzaliwa wa Rubya wilayani Muleba.

Kwa zaidi ya miaka ishirini mvua ndiyo imemlisha Byabato. Anafunga mifereji ya kukingia mvua kwenye mapaa, anaunganisha matangi na kupitisha mabomba hadi jikoni. Kuna kaya nyingi, kuanzia Ijuganyondo hadi Muleba, ambazo chai yao ya asubuhi imepita mikononi mwake.

"Lakini kazi ya mifereji inafuata kahawa," anaeleza. "Watu wakiuza kahawa, simu inaita mpaka unachoka. Kahawa ikiisha, simu inanyamaza, na watoto wanaendelea kula."

Ndiyo maana mwenye hoteli, Audax Kyaruzi, alipomwita na kumwambia anataka bahari mapokezini, fundi hakucheka. Kyaruzi aliahidi kwamba viumbe wakiishi, Byabato ataajiriwa kuwatunza kwa shilingi laki tatu kila mwezi. Ungekuwa mshahara wake wa kwanza maishani.

Vioo vilifika kwa lori, vimefungwa kwenye magodoro. Maelekezo yalifika kwa simu kutoka kwa Anwari, muuza samaki wa mapambo aliyeko Tanga, mtu mpole ambaye Byabato anamwita mwalimu ingawa hawajawahi kuonana.

Muulize mfumo unavyofanya kazi, uone anavyochangamka. "Juu wanakaa samaki, chini ndiko kazi iliko," anasema, akiingiza mkono kabatini. Maji yanashuka kwa bomba hadi tangi la chini, yanapita kwenye mfuko wa kitambaa unaokamata takataka, kisha kwenye mtambo unaotoa uchafu kwa povu. Kutoka hapo yanapita katikati ya mawe yenye matundu, ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho vinageuza sumu ya kinyesi cha samaki. Mwisho pampu inayarudisha juu.

Mkewe, Joanitha, alipoelezwa habari hiyo hakushangaa hata kidogo. "Nikamwambia, mbona ni kuchuja omuramba tu," anasema, akimaanisha ile juisi ya ndizi inayokamuliwa na kuchujwa kwa nyasi. "Tofauti ni kwamba omuramba tunaumaliza, hiyo yake inazunguka haiishi."

Haikuwa lelemama. Siku ya kwanza umeme ulipokatika, maji ya juu yalivutwa kurudi chini, yakafurika kabatini na kutembea hadi kwenye viatu vya Consolata, mhudumu wa mapokezi. Byabato akatoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia ili livute hewa badala ya maji. Tangu siku hiyo umeme ukatike utakavyo, viatu vya Consolata ni vikavu.

Kisha wakangoja wiki kadhaa vijidudu vizaliane. Wageni, wakiona tangi lisilo na samaki, wakawa wanamuuliza Kyaruzi kama anauza maji kwa ndoo.

Hatimaye mizigo ya Anwari ikaja kwa ndege, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni: samaki, konokono wa baharini, na kamba, wale wadudu wa majini wenye miguu mingi na ndevu ndefu. Wapishi walitoka jikoni kuwatazama. Mmoja aliwaita senene wa majini, kama wale panzi wanaoliwa huku, na jina likashika.

Senene hao hawakumaliza siku mbili. Walilala ubavu mmoja baada ya mwingine. Konokono nao wakaachia kioo na kuanguka mchangani. Cha ajabu, samaki walikuwa wanakula vizuri kabisa.

"Nililia," Byabato anasema bila kuona haya. "Mimi si mtu wa kulia, lakini siku ile nililia humo kabatini, nikajifanya nakaza bomba."

Anwari aliuliza maswali mengi kwenye simu. Chumvi? Sawa. Joto? Sawa. Maji ya kuchanganyia yalitoka wapi? Hapo Byabato akajibu kwa fahari. Maji ya bomba yana dawa, kwa hiyo alitumia mvua, maji safi kuliko yote, yaliyokingwa kwenye paa jipya la hoteli kwa mifereji aliyoifunga yeye mwenyewe.

Anwari akadakia. "Paa la nini, ndugu yangu?"

"La bati. Mvua Bukoba utaikinga wapi kama si kwenye bati?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Bati jipya hupakwa madini ya kulizuia lisishike kutu, na mvua huchukua chembe zake kidogo kidogo. Mtu anakunywa wala hasikii kitu, na samaki anavumilia. Kamba na konokono hawana uvumilivu huo. Fundi aliyejijengea jina kwa mvua ya batini alikuwa amewaua viumbe kwa mvua ya batini.

Kyaruzi hakupiga kelele, na Byabato anasema afadhali angepiga. Alisema tu: "Agiza wengine, fundi. Wakifa na hawa, tunamwaga maji yote, mimi nipange chupa za mvinyo humo."

Byabato alirudi Kitendaguro akiwaza. Mtambo wa kusafishia maji ulikuwa ghali na tajiri Kyaruzi asingetoa fedha tena. Lakini mvua ilikuwepo, na ubaya haukuwa wa mvua, ulikuwa wa bati. Basi akanunua turubai jipya la plastiki, akalisuuza mara nyingi, akalitandaza uwanjani kwa nguzo nne, katikati likilegea kuelekea pipa, mbali na migomba na mbali na paa.

Kumbe hakufikiria jambo moja. Huku, turubai likisimama uwanjani kwa mtu asiyeozesha binti, majirani wanaelewa kitu kimoja tu: msiba.

"Nilikuwa namenya ndizi nikasikia kilio njiani," Joanitha anasimulia, machozi ya kicheko yakimtoka. "Natoka, namkuta jirani yetu Mama Klaudia na mkungu wa ndizi kichwani, analia, anauliza: 'Waitu, jamani, ni nani amefariki?' Nyuma yake wanakuja wengine na kuni."

Byabato alilazimika kusimama chini ya turubai lake na kuwaeleza waombolezaji wasio na marehemu kwamba anakinga maji ya kamba. Mzee mmoja akauliza kwa upole kama ameanza kuumwa kichwa. Ndizi hazikurudi zilikotoka, zikapikwa wakala wote, na mvua ilipoanza kunyesha wakajibanza barazani kutazama pipa likijaa. Kwa vile sasa walijua hakuna aliyekufa, wengine walijitolea kubeba madumu.

Maji ya tangi la hotelini yalibadilishwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, ya zamani yakitolewa na ya turubai yakiingia, hadi Anwari akaridhika. Kamba wapya wakaja. Siku ya kwanza ikapita, ya pili nayo, na wiki ikakatika.

Byabato akapata moyo wa kwenda Rubya kumfungia mteja tangi. Alikuwa juu ya ngazi simu ilipoita.

"Ta Byabato, waitu," alisema Consolata kwa sauti ya chini, akimwita kwa lile 'Ta' la heshima la Wahaya. "Mmoja anaelea. Na bosi ameshaona."

Safari ya kurudi Bukoba anasema haikumbuki. Anachokumbuka ni Kyaruzi amesimama mbele ya kioo, mikono nyuma, na juu ya maji kitu cheupe chenye miguu na ndevu kikielea chali. Byabato alikiopoa, akakiweka kiganjani. Kilikuwa chepesi mno. Alikibonyeza kwa kidole na kikabonyea kama ganda la karanga, ndani hakuna nyama.

Akachukua tochi, akalala kifudifudi na kumulika chini ya mawe. Kwenye tundu la mwisho kulikuwa na ndevu mbili, laini, zikitikisika.

"Amejivua gamba!" Anwari, alipopigiwa, alicheka kwenye simu hadi Kyaruzi akamsikia. "Anakua huyo! Lile la zamani limembana. Anajificha mpaka jipya ligande. Mdudu mgonjwa hanenepi, ndugu yangu."

Kyaruzi aliinama, akamtazama yule mdudu, kisha akamtazama fundi aliyelala sakafuni na tope la Rubya kwenye suruali. "Consolata," akasema, "mpe fundi soda. Na kuanzia mwezi huu umwandike kwenye mshahara."

Sasa Byabato anawafundisha vijana wawili wa Ijuganyondo kazi ya mifereji ili wateja wake wasiachwe. Mwenyewe anaweka akiba ya nauli ya Tanga. Anataka kumuona Anwari kwa macho, na jambo jingine pia, kwa sababu mvuvi huyu wa mvua hajawahi kufika baharini.

"Hii yangu umeme ukikatika nusu siku, wanaanza kuhema," anasema, akifunga mlango wa kabati taratibu. "Ile ya Mungu haina pampu, haina mfuko wa kitambaa, na watu wote wanaitupia uchafu. Nataka nisimame pale nione inawezaje."