Shikamoo ya Juu ya Baiskeli

Mwaka wa Uhuru nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba akafa, shule ikaishia darasa la pili. Nikabeba kabichi za watu kichwani mpaka nikanunua baiskeli yangu.

Enzi za Ujamaa, hapa Soni, hakuna aliyenishinda kusimama juu ya baiskeli isiyokwenda bila kukanyaga chini. Siku moja nilikuwa naenda kuonwa na baba wa binti niliyemposa kupitia mshenga. Sokoni wenzangu wakanichokoza: "Bwana harusi, simama tuhesabu mpaka mia!"

Nikasimama. Kwenye themanini akapita mzee mwenye fimbo. Kwetu mkubwa huamkiwa ukiwa umeshuka. Mimi, kwa kiburi, nikamwamkia kulekule juu: "Shikamoo, mzee!" Akanitazama, hakuitikia. Mia ikatimia, nikapigiwa makofi.

Nilipofika ukweni, aliyekaa kwenye kiti cha baba alikuwa mzee yuleyule wa fimbo. Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Kumbe miguu unayo!" akasema. "Basi ikurudishe kwenu."

Leo nina nyumba ya bati, shamba kule Shume, ng'ombe wanne, baiskeli ileile, na mke niliyempata baadaye kijiji cha Mlola.