Kiti cha Nje

Agosti 1974 nilimpoteza mwenzangu wa stendi ya nota. Aliugua homa ya mapafu wiki mbili tu. Tulikuwa tumepiga fidla pamoja miaka minne katika ukumbi wa kanisa mjini Nyeri, mimi nikiwa fundi wa cherehani, yeye akifundisha watoto wadogo huko Kiganjo.

Wapiga fidla tulikuwa kumi na wawili. Tulikaa wawili wawili, kila wawili na stendi moja ya kuwekea karatasi za nota. Mwalimu wetu hakutaka mtu azeekee nyuma. Kila mwanzo wa mwezi wale wa stendi ya mbele walirudi nyuma kabisa, na wengine wote wakasogea mbele hatua moja. Tena wale wawili walibadilishana viti. Kiti kilicho upande wa wasikilizaji tulikiita cha nje. Kile kingine kilikuwa cha ndani, na aliyekikalia ndiye aliyefunua karatasi. Ukurasa ukiisha anaacha kupiga, anafunua, huku mwenzake akiendelea. Akishika fidla tena, wimbo umeshamwacha kidogo.

Mimi ndiye niliyeandika zamu ubaoni kwa chaki, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Julai ya mwaka huo zamu ilituleta mbele, na kiti cha nje kilikuwa chake. Mwezi huo pia tulikuwa tupige mbele ya watu. Mama yake, mkulima wa mpunga huko Wang'uru, hakuwa amewahi kumwona akipiga.

"Anafikiri hiki kisanduku cha fidla nilikinunua cha kubebea chakula," aliniambia. "Sasa ataona."

Nami nilikuwa nimejishonea gauni jipya la buluu. Niliandika jina langu kwenye kiti cha nje.

Aliangalia ubao. "Dada, hapa umekosea."

"Sijakosea. Ule ukurasa wa tatu ni mgumu, na vidole vyangu ni vyepesi. Tutabadilishana mwezi ujao."

"Ati vidole. Sema ni gauni."

Tukacheka wote wawili. Angenikasirikia pengine ningefuta. Siku ya kupiga mbele ya watu alinifunulia karatasi kuanzia mwanzo hadi mwisho, wala hakuchelewa hata mara moja. Nilipoinama kuwashukuru watu, sikukumbuka kumtafuta mama yake kati yao.

Mwezi uliofuata haukutupa nafasi ya kubadilishana. Alianza kuugua siku ya kwanza ya mazoezi.

Baada ya mazishi, mama yake alikuja ukumbini mchana mmoja kuchukua fidla. Nilikuwa peke yangu, nikipanga viti. Nilimkabidhi kisanduku, akakipokea kwa mikono miwili.

"Aliniandikia barua," alisema. "Ati siku hiyo atakaa nje. Mimi nikakaa nje pale kwa ngazi, nikimngoja. Kusikia muziki imeanza ndio nikaingia, nikasimama huko nyuma. Sikumwona."

Akavigeukia viti nilivyokuwa nikipanga.

"Kiti yake ni gani?"

Nilimwonyesha cha ndani.

"Si alisema nje?"

"Nje ni hiki kingine, mama. Ndivyo tunavyokiita. Ilikuwa zamu yake, nami nikaandika jina langu. Nilitaka watu waone gauni."

Nilitazamia anitukane, na ningeona nafuu. Aliketi kwenye kiti cha ndani, akakiweka kisanduku magotini, akatazama upande wa mabenchi. Kiti changu cha nje kilikuwa kimemkinga asione vizuri.

"Sogeza hiyo kidogo," alisema.

Nikakisogeza. Aliendelea kukaa hapo, akitazama mabenchi matupu, mpaka mfagizi akaja na funguo.